Kazi ya Nyumbani Humpima Nani?

Hoja: Watoto wa darasa la kwanza hadi la nne waendelee kupewa kazi za kufanyia nyumbani. Wanaojadili ni mwalimu wa darasa la tatu katika shule ya serikali, mzazi, na mkuza mitaala.

MWALIMU: Naunga mkono hoja, na naanza na namna mtoto anavyojifunza kusoma. Mtoto anayetumia nguvu zake zote kuunganisha "m" na "a" apate "ma", kisha "j" na "i" apate "ji", akifika mwisho wa mstari huwa ameshasahau ulikoanzia, na maana ya sentensi imempotea. Hawezi kuelewa habari mpaka silabi zije zenyewe, na silabi haziji zenyewe kwa kufundishwa mara moja. Zinakuja kwa kurudiwa siku baada ya siku. Hermann Ebbinghaus wa Ujerumani alionyesha tangu 1885 kwamba tunachojifunza huanza kupotea muda mfupi tu baada ya somo, na kwamba marudio yaliyogawanywa katika siku kadhaa huhifadhi zaidi kuliko marudio yaliyorundikwa siku moja. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke, watafiti wa Marekani, waliwalinganisha wanafunzi wa chuo waliosoma habari tena na tena na wenzao waliojaribu kuikumbuka bila kuitazama. Baada ya wiki moja waliojikumbusha ndio waliobaki na mengi kichwani. Sasa kipindi cha darasa la tatu ni dakika 40, na ndani yake kuna kufundisha, kuuliza maswali, kuandika na kusahihisha. Marudio ya siku ya pili na ya tatu yatafanyika saa ngapi? Tathmini za Uwezo, zilizopita nyumba kwa nyumba Tanzania, Kenya na Uganda katika muongo wa 2010, zilikuta mara kwa mara watoto wengi wa darasa la tatu wasioweza kusoma hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Hao ni watoto waliofundishwa lakini hawakupata mazoezi ya kutosha. Kuwaondolea mazoezi ya jioni ni kuwazidishia pengo.

MZAZI: Mwalimu, sipingi mazoezi. Ninachopinga ni kuyapeleka mahali ambapo hakuna anayeweza kumwambia mtoto kwamba amekosea. Chukua swali la 52 kutoa 27. Mtoto anaanza na mamoja, anaona 2 haitoshi kutoa 7, basi anageuza: 7 kutoa 2 ni 5. Anahamia kwenye makumi, 5 kutoa 2 ni 3. Anaandika 35 na kuridhika. Jibu ni 25, lakini jioni ile hakuna anayemweleza, na daftari lina maswali kumi ya namna hiyo. Anayafanya yote kumi kwa kosa lilelile. Hoja yako ya marudio inageuka dhidi yako hapo, maana kosa nalo huzoeleka kwa kurudiwa. Na mzazi akijaribu kusaidia, anasaidia kwa njia aliyofundishwa yeye: "kopa moja". Darasani mtoto amefundishwa kufungua fungu moja la vijiti kumi ili apate mamoja kumi na mawili. Njia zote mbili zinafika, lakini mtoto wa miaka tisa hajui kwamba zinafika mahali pamoja. Anachoona ni mwalimu anasema hivi na mama anasema vile. Halafu umetaja Uwezo. Kama mtoto wa darasa la tatu hawezi kusoma hadithi ya darasa la pili, atasomaje maelekezo ya zoezi ulilompa? Takwimu hizo zinasema mtoto yule anahitaji mwalimu zaidi. Kazi ya nyumbani inampa saa zaidi za kuwa peke yake.

MWALIMU: Kosa la 35 linajulikana kwa kila mwalimu wa darasa la tatu, na ni kweli kwamba kumpa mtoto asiyeelewa maswali kumi ya kwenda nayo ni kumkomaza kwenye kosa. Lakini hapo mwenye makosa ni mwalimu aliyechagua zoezi kabla ya wakati wake. Kinachofaa kwenda nyumbani ni kile ambacho mtoto amekwisha kukielewa na sasa anahitaji kukizoea: silabi za wiki iliyopita, jedwali la kuzidisha kwa 3, imla ya maneno matano, aya moja ya kusoma kwa sauti. Isitoshe, sisi Tanzania tuna bahati ambayo majirani wengi hawana. Shule za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili. Mzazi aliyeishia darasa la saba anaweza kumsikiliza mwanawe akisoma na akajua anasoma au anabahatisha. Hata asiyejua kusoma anaweza kusema, "Nisomee, kisha uniambie hadithi hiyo inahusu nini." Na ushahidi kwamba nyumba za kawaida zinaweza kusaidia upo. Mwaka 2020 shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, watafiti nchini Botswana walizifikia familia zipatazo 4,500 kwa simu za kawaida. Baadhi walitumiwa maswali ya hesabu kwa ujumbe mfupi kila wiki, wengine walitumiwa ujumbe na pia wakapigiwa simu, mzazi na mtoto wakalifanya swali pamoja na mwalimu aliye upande wa pili. Watoto waliopigiwa waliinuka katika hesabu katika kipindi hicho. Nyumba zile zilikuwa nyumba kama zetu.

MZAZI: Umeufikisha utafiti huo nusu, mwalimu. Kundi lililopata ujumbe peke yake halikuonyesha faida ya kutegemewa. Lililofaidika ni lile lililosikia sauti ya mwalimu kwenye simu. Ujumbe peke yake ni sawa na daftari linalorudi nyumbani bila mwalimu, na daftari hilo ndilo tunalojadili leo. Tuongeze ushahidi mwingine. Harris Cooper wa Marekani amekusanya tafiti za kazi za nyumbani kwa miongo kadhaa, na katika mapitio yake ya 1989 na ya 2006 alikuta jambo moja: kwa wanafunzi wa sekondari, wanaofanya kazi hizo nyingi hufaulu zaidi, lakini kwa watoto wa shule ya msingi uhusiano huo ni hafifu mno, karibu haupo. Nao wachambuzi wa shirika la kimataifa la OECD walipoyatazama majibu ya vijana wa miaka 15 katika tathmini ya kimataifa ya PISA ya 2012, walikuta wanaotoka familia zenye uwezo hutumia saa nyingi zaidi kwenye kazi za nyumbani kuliko wenzao. Karibu na kwetu, watafiti Glewwe, Kremer na Moulin walifuatilia shule za Busia na Teso, magharibi mwa Kenya, zilizopewa vitabu vya kiada bure. Wastani wa watoto haukupanda. Walionufaika ni wale waliokuwa tayari wanaongoza, kwa kuwa ndio walioweza kuvisoma. Ukimpa kila mtoto kitu kilekile huku wachache tu wakiweza kukitumia, umewaongezea waliokuwa nacho. Utasema vitabu vile vilikuwa vya Kiingereza. Ni kweli. Lakini iko mikoa ya Tanzania ambako mtoto anaanza shule na Kisukuma au Kimasai mdomoni, na bibi anayemlea hakijui Kiswahili cha kitabuni. Bahati uliyoitaja haikuzifikia nyumba zote.

MKUZA MITAALA: Naomba nipunguze uzito wa ushahidi wa pande zote mbili kabla haujabeba zaidi ya uwezo wake. Tafiti nyingi alizokusanya Cooper zinaonyesha mambo mawili yanavyoandamana. Hazituambii lipi linaleta lipi. Mtoto anayejikongoja hutumia saa nzima kwenye kazi ambayo mwenzake anaimaliza kwa dakika kumi, na mwalimu mwenye uchungu humwongezea huyohuyo mazoezi. Ukipima saa na alama, utaona saa nyingi na alama ndogo, na hutakuwa umethibitisha kwamba mazoezi yamemdhuru. Cooper mwenyewe hakupendekeza marufuku. Anachokubali ni takriban dakika kumi kwa kila darasa analopanda mtoto: kumi darasa la kwanza, thelathini darasa la tatu. Nchi nazo zimejaribu njia mbalimbali. Ufaransa ilikataza kazi za kuandika za nyumbani kwa shule za msingi mwaka 1956. China, Julai 2021, ilisema watoto wa darasa la kwanza na la pili wasipewe kazi za kuandika za nyumbani, na wa darasa la tatu hadi la sita wasivuke dakika 60. Wote hao wanabishana juu ya kiasi, wakati swali kubwa ni la aina. Nyinyi wawili mnaichukulia nyumba kama tawi la shule lililokosa mwalimu. Nyumba ina masomo yake. Mtoto anatumwa dukani na noti ya elfu tano na kurudi na chenji, anapima unga kwa kikombe, anahesabu trei za mayai. Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 alilalamikia shule inayomtenga mtoto na maisha ya wazazi wake. Kazi ya nyumbani ingeweza kuwa daraja: pima ndoo inajaa kwa vikombe vingapi, muulize babu kijiji kilipataje jina, njoo utueleze.

MZAZI: Daraja hilo limejengwa Kenya, na wazazi wa huko wametuambia nani analipa ushuru. Mtaala wa Umilisi, ulioanza kuenea nchini humo kuanzia 2019, ulimtaja mzazi kuwa mshirika wa kujifunza kwa mtoto. Wazo lilikuwa zuri. Kufikia 2021 malalamiko yalikuwa yamejaa magazetini: picha za kuchapisha, gundi, manila, vifaa vya kuokoteza usiku, mzazi anakata na kubandika wakati mtoto amelala. Mwaka huohuo suala likafika Mahakama Kuu, na mwaka uliofuata rais akaunda jopo la kupitia mageuzi ya elimu chini ya Profesa Raphael Munavu. Somo kwetu ni hili: kazi inayohitaji kitu kisichokuwa kwenye mkoba wa mtoto ni ankara iliyoandikwa kwa jina la mzazi. Kuhusu vikombe na ndoo, ndugu mkuza mitaala, sikatai kwamba kuna hesabu ndani yake. Lakini nani anayechota maji katika nyumba zetu? Mara nyingi ni binti. Kaka yake anapocheza mpira hadi magharibi, yeye anateka maji, anaosha vyombo na kumbeba mdogo wake mgongoni. Ukiuita mzigo huo elimu, umempa aliyekuwa anamnyima muda wa kusoma sababu ya kuendelea. Mtoto huyo hajakosa ndoo. Amekosa nusu saa ya kukaa chini na kitabu huku taa ikiwaka.

MWALIMU: Hapo niko na mzazi, na nina ushahidi wa kuongeza. Mwaka 1985 watafiti wa Brazil waliandika juu ya watoto watano wa mji wa Recife waliokuwa wakiuza sokoni. Waliponunuliwa nazi na kuulizwa bei na chenji, walikokotoa karibu kila swali sawasawa. Walipopewa hesabu hizohizo zimeandikwa kwenye karatasi, walizipata chini ya nusu. Hesabu ya soko haikuhamia yenyewe kwenye karatasi. Inahitaji kuhamishwa na mwalimu, na ikishahamishwa inahitaji kuzoezwa kwenye karatasi. Kwa hiyo sikubali kuambiwa kwamba unga na chenji vinatosha. Sasa nimgeukie mzazi kwa hoja ninayoiona nzito kuliko zote. Shule ikiacha kutoa kazi za nyumbani, mazoezi hayatakoma. Yatahama. Mwenye fedha atamlipia mwanawe tuisheni ya jioni, atanunua vitabu vya ziada, atamweka kaka wa sekondari amsimamie. Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya 2013 inakataza tuisheni za likizo, na marufuku yake imebidi ikumbushwe mara kwa mara. Ufaransa ililazimika kuirudia marufuku yake miaka kadhaa baada ya 1956, kwa sababu walimu waliendelea kutoa kazi hizo na wazazi wenyewe waliendelea kuzitaka. Zoezi la bure la shule ya serikali ndilo pekee linalomfikia mtoto ambaye hakuna atakayemlipia. Ukiliondoa kwa jina la usawa, umemwacha yeye peke yake bila zoezi.

MZAZI: Nakiri hoja hiyo inauma, na sitaikwepa. Lakini tazama kinachotokea asubuhi. Mtoto ambaye kwao hakukuwa na mafuta ya taa, au ambaye aliuguza, anafika na ukurasa mtupu. Anasimamishwa mbele, pengine anachapwa, na jina lake linaandikwa pamoja na wavivu. Mwenzake ambaye dada yake alimfanyia kazi yote anapata vyema kumi na kupigiwa makofi. Shule imewapima watoto wawili, na kipimo kimesoma nyumba mbili. Hakuna namna ya kusema kwamba zoezi hilo limemfikia mtoto maskini. Lililomfikia ni adhabu ya umaskini. Kama kweli tunataka marudio, na mimi nayataka, yafanyike shuleni kabla ya kengele ya kuondoka. Iwepo nusu saa ambayo hakuna somo jipya, kila mtoto na daftari lake, mwalimu akizunguka kati ya madawati. Kosa la 35 litaonekana kwenye swali la kwanza, lisisubiri lirudiwe mara kumi. Anayehitaji taa atakuwa na mwanga wa dirisha. Anayehitaji msaada ataupata kwa mtu aliyesomea kazi hiyo. Jioni iachwe kwa chakula, mazungumzo, michezo na usingizi, mambo ambayo mtoto wa miaka saba anayahitaji kwa kiasi kilekile anachohitaji jedwali la kuzidisha.

MWALIMU: Nusu saa hiyo tunaitamani. Tuiweke wapi? Ziko shule za mijini ambazo watoto huingia kwa zamu mbili: wa asubuhi hawajamaliza kufunga madaftari, wa mchana wamesimama mlangoni wakingoja madawati yaleyale. Vijijini mtoto anatembea mbali, na ukimchelewesha anatembea gizani. Mahali ambapo hakuna chakula cha shuleni, mtoto wa saa nane mchana ana njaa, na kichwa chenye njaa hakishiki jedwali la kuzidisha. Kuhusu adhabu, nakubaliana nawe bila masharti: mtoto asiadhibiwe kwa kazi ya nyumbani ambayo haikufanyika. Lakini tuseme pia ukweli mwingine unaowahusu walimu. Darasa likiwa na watoto 80 na kila mmoja amepewa maswali kumi, kesho yake kuna majibu 800 mezani. Mwalimu akitumia nusu dakika tu kwa kila daftari, zinaisha dakika 40, kipindi kizima. Ndiyo maana madaftari mengine yanapigwa vyema moja kubwa toka juu hadi chini bila kusomwa, na mtoto anajifunza kwamba jambo la maana ni kujaza ukurasa. Dawa ninayoiona ni kupunguza: maswali matatu badala ya kumi, na swali moja lifanywe ubaoni asubuhi, watoto wakibadilishana madaftari na kuambiana walivyofikiri. Dakika tano zinatosha, na kosa linatoka hadharani bila kumtaja mwenye kosa.

MKUZA MITAALA: Dawa hiyo nina la kuiongezea. Poland, Aprili 2024, iliondoa karibu kazi zote za nyumbani kwa madarasa matatu ya mwanzo, na kwa madarasa ya juu ya shule ya msingi ikaziacha ziwe za hiari na zisizopewa alama. Uzuri wa kuondoa alama ni kwamba unaondoa sababu ya kudanganya. Dada hana haja ya kumfanyia mdogo wake kazi isiyohesabiwa. Lakini bado hatujagusa tatizo lililo chini ya mengine yote: tunatoa zoezi moja kwa darasa ambalo si moja. Ndani ya darasa la tatu yupo anayesoma hadithi na yupo anayetafuta silabi. Watafiti Duflo, Dupas na Kremer walifuatilia shule 121 za magharibi mwa Kenya ambako darasa la kwanza liliongezewa mwalimu na kugawanywa mara mbili. Katika nusu ya shule hizo watoto waligawanywa kwa kiwango chao, na huko matokeo yalipanda zaidi, kwa waliokuwa juu na kwa waliokuwa chini, kwa kuwa mwalimu aliweza kuanzia pale watoto walipo. Hapa Tanzania, mwaka 2015, tulipunguza masomo ya darasa la kwanza na la pili ili muda uende kwenye kusoma, kuandika na kuhesabu, kwa kutambua kwamba kasi ya mtaala ilikuwa imewaacha watoto nyuma. Mantiki hiyo ifike kwenye mkoba wa jioni. Zoezi linalokwenda nyumbani lipite mtihani huu: mtoto huyu, peke yake, kwa vitu alivyonavyo mkobani, anaweza kulimaliza? Na kesho kuna mtu atakayelitazama? Likishindwa moja, lisitoke darasani.

MZAZI: Naukubali mtihani huo, na nataka wote muone unatufikisha wapi. Mwalimu atakayeweza kusema "mtoto huyu, peke yake, analiweza" ni mwalimu anayemjua mtoto mmoja mmoja: nani amekwama kwenye silabi, nani anageuza tarakimu, nani haoni ubao. Mwalimu anayejua hayo yote ameshafanya sehemu ngumu ya kazi darasani. Kwake zoezi la jioni litakuwa nyongeza nzuri. Kwa asiyejua, litakuwa kifuniko: ukurasa umejaa, mtaala umekwenda, na mtoto bado yuko pale alipokuwa. Kwa hiyo mpangilio mlioanza nao haukuwa sahihi. Mlisema tutoe kazi za nyumbani kwa sababu darasa halitoshi. Sasa mmethibitisha wenyewe kwamba kazi ya nyumbani inafaa pale tu ambapo darasa limetosha. Palipo na mwalimu mmoja na watoto 80, ambako mnasema zinahitajika zaidi, ndiko zinakofanya kazi vibaya zaidi. Mzigo mnaoutaka nyumba iubebe ni ule ambao serikali na shule zilikubali kuubeba zilipomwandikisha mtoto.

MWALIMU: Kama hoja ingekuwa juu ya maswali ya kuandika, ungekuwa umeshinda. Lakini hesabu nyingine inapinga hitimisho lako. Gawa dakika 40 kwa watoto 80: nusu dakika kila mmoja, tena kama sitafundisha chochote kingine. Hiyo ndiyo sauti ya mtoto ninayoweza kuisikia katika kipindi kizima cha kusoma. Mtu mzima anayemsikiliza mtoto mmoja kwa dakika kumi jioni amempa mara 20 ya nilichoweza kumpa mimi. Kwa jioni tano za wiki amempa dakika 50, zaidi ya kipindi kizima cha peke yake. Hakuna mageuzi ya mtaala, wala mafunzo ya walimu, yatakayomletea mtoto huyo kiasi hicho cha kusikilizwa kesho asubuhi. Na hapo simdai mzazi ujuzi wa kufundisha, wala manila, wala fedha. Namwomba masikio. Umesema kazi ya nyumbani inafaa pale mwalimu anapomjua mtoto. Nami nasema kwa watoto 80 nitamjua kwa msaada wa huyo aliyemsikia jana: akinitumia neno moja tu, kwamba anakwama kwenye "ng'" au anaruka mistari, nusu dakika yangu ya kesho itakuwa na kazi ya kufanya. Nyumba haichukui nafasi ya mwalimu. Inamwonyesha pa kuanzia.

MZAZI: Masikio natoa, mwalimu, na naamini wazazi wengi wangeyatoa wangejua kwamba ndiyo yanayohitajika. Hapo tumefika mbali na tulikoanzia. Lakini kadiri ulivyozipa uzito dakika zile kumi, ndivyo ulivyolipa uzito pengo. Kama kusikilizwa nyumbani kuna thamani mara 20 ya kusikilizwa darasani, basi mtoto ambaye nyumbani kwao hakuna wa kumsikiliza anaachwa nyuma mara 20 kila jioni: mtoto wa mama anayerudi sokoni saa nne usiku, yatima anayelelewa na kaka wa miaka kumi na mitano, mfanyakazi wa ndani mwenye umri wa kwenda shule. Hesabu yako imethibitisha hofu yangu. Nataka nisikie shule inawafanyia nini hao, kabla sijakubali kwamba jioni ni sehemu ya ratiba.

MWALIMU: Nitajibu, ingawa jibu lina gharama, na gharama hiyo ni yako. Zile nusu dakika 80 zisigawanywe sawa. Mtoto anayesikilizwa nyumbani nimsikie mara moja kwa wiki, ili yule asiye na wa kumsikiliza nimsikie kila siku. Ndiyo njia pekee ambayo msaada wa nyumba moja unaweza kumfikia mtoto wa nyumba nyingine. Uko tayari mwanao apate muda mchache zaidi wa mwalimu wake kwa sababu wewe umefanya wajibu wako?

MZAZI: Unanitaka nikubali kugawana uhaba ambao sikuuleta. Anayepaswa kuulizwa swali hilo kwanza ni aliyeweka watoto 80 mbele ya mwalimu mmoja.

MWALIMU: Aulizwe, na tumuulize pamoja. Lakini mtoto wa jirani yako naye hakuuleta uhaba huo, na kesho asubuhi atakuwa darasani kabla jibu halijafika.